Mgeni Njoo, Nani Apone?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nimeisikia tangu utoto wangu, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kuihoji, kwa kuwa siku zote nilikuwa upande wa wenyeji. Kwetu ni Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza, pale ambapo barabara ya lami inaelekea Usagara na Shinyanga. Wageni ndio waliokuja kwetu. Walikuja kutafuta chumba cha kupanga, kiwanja au kibarua. Nilizoea kuwaona wakishuka kwenye daladala na begi moja na godoro lililofungwa kamba, nami nikiwakaribisha kwa mdomo bila kufikiri zaidi. Sikujua moyo wa mgeni umebeba nini mpaka mimi na mke wangu tulipolazimika kuwa wageni mahali pengine. Hapo ndipo methali ile iliponigeukia na kuniuliza: ukija wewe, ni nani hasa atakayepona?

Mke wangu ni muuguzi mkunga. Mwaka 2019 alipata barua ya uhamisho kwenda Wilaya ya Ukerewe. Mimi wakati huo nilikuwa karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapo Buhongwa. Serikalini upo utaratibu wa mtumishi kuomba uhamisho ili amfuate mwenzi wake, na mara nyingi tumeona wake wakiwafuata waume. Lakini mimi sikuwa mtumishi wa serikali, na aliyehamishwa alikuwa mke. Baadhi ya wazee wa kwetu hawakunificha mawazo yao. Mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Sasa wewe ndiye unayekwenda kuolewa?" Watu wakacheka, nami nikacheka pia, ingawa kicheko hakikufika moyoni.

Mama yangu hakucheka. Yeye alikuwa na hofu ya maji. Aliyakumbuka majonzi ya Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Tena kidonda kipya kilikuwa hakijapona: tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika wilaya hiyo hiyo tuliyokuwa tunakwenda, na watu zaidi ya 220 wakafa huku nchi kavu ikionekana kwa macho. Mama alisema, "Mwanangu, mkienda, nendeni kwanza mkaone. Msiwabebe wajukuu wangu kama mizigo."

Basi tukakubaliana mimi na mwenzangu kwamba tutatangulia sisi wawili, watoto wabaki kwa bibi yao. Tutafute mambo mawili: kazi kwa ajili yangu na nyumba kwa ajili yetu sote. Mtu mzima hahamishi watoto kwa kubahatisha. Mpaka hapo, ndugu msomaji, sioni kosa lolote katika mpango wetu. Kosa, kama lipo, linaanzia katika namna tulivyotafuta.

Nataka kwanza niseme neno juu ya visiwa. Vitabu vya Wazungu vimewazoesha watu wengi duniani kukiona kisiwa cha nchi za joto kuwa ni mahali patupu: mchanga mweupe, minazi miwili mitatu, na mtu mmoja anayeanza maisha upya. Mwaka 1719 Mwingereza Daniel Defoe alitoa kisa cha Robinson Crusoe, mtu aliyeokoka katika ajali ya meli akaishi kisiwani peke yake kwa miaka mingi. Mimi sikumbuki mengi ya kisa hicho kuliko jambo moja: siku Crusoe alipoona unyayo wa mtu mchangani, alishikwa na woga mkubwa. Alikuwa amekihesabu kisiwa kizima kuwa chake, na unyayo mmoja ulitosha kumvuruga.

Ukerewe, iliyo karibu nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, haifanani na kisiwa hicho cha vitabuni. Kisiwa chenyewe na vidogo vinavyokizunguka hufanya wilaya ya visiwa 38, na sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu karibu 345,000. Huko Ukara, kisiwa cha jirani, wanajiografia wameandika kwa miaka mingi jinsi wakulima wanavyolima shamba lile lile mwaka hadi mwaka, wakifungia ng'ombe ili wapate samadi, kwa sababu hakuna ardhi ya akiba ya kuhamia. Vijana wengi wamelazimika kuondoka kwenda bara. Kila mahali pana unyayo. Sisi tulikuwa tunakwenda kutafuta nafasi mahali ambapo wenyeji wenyewe huziacha nafasi zao kwa kubanwa.

Tuliondoka Buhongwa alfajiri kwa daladala, tukapanda meli ya Nansio mjini Mwanza. Kwa zaidi ya saa tatu tulitazama miamba na visiwa vikipita. Mke wangu alikuwa na furaha, nami nikajilazimisha kuwa nayo. Nansio tulipokewa na dalali tuliyeelekezwa na mtu tunayemfahamu. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye maneno matamu na pikipiki ya mwenzake. Alituonyesha vyumba vinne siku hiyo. Cha kwanza kilinuka unyevu, cha pili hakikuwa na choo, cha tatu kilikuwa juu ya kilabu cha pombe. Kisha akasema, "Sasa twendeni kwenye nyumba yenyewe."

Kweli ilikuwa nyumba. Vyumba viwili na sebule, bati zima, umeme wa luku, mwembe uani, na kutoka hapo hadi kituo cha kazi cha mke wangu ni mwendo wa miguu. Mlangoni alikuwepo mama mmoja wa makamo na wajukuu wawili. Uani palikuwa na dagaa walioanikwa. Tukamwamkia, akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni." Akatuletea vigoda, akatupa maji ya kunywa, akatumenyea machungwa. Dalali alimwambia kwamba sisi ni watu wa mwenye nyumba, tumekuja kutazama bati na kuta. Mama yule akatutembeza mwenyewe. Akatuonyesha mahali paa lilipokuwa likivuja zamani na alivyopaziba. Akatuonyesha hata chumba cha wajukuu, na daftari zao za shule zilizopangwa dirishani.

Tulipotoka, dalali akatueleza shauri lenyewe. Mama yule hulipa kodi mwezi kwa mwezi, tena hajawahi kukwepa. Lakini mwenye nyumba ana shida ya fedha na anamtaka mpangaji wa kulipa miezi sita kwa mkupuo. "Mkilipa leo," akasema, "mwisho wa mwezi nyumba ni yenu."

Mke wangu akauliza, "Na yule mama atahamia wapi?"

"Hilo ni la kwake na mwenye nyumba, dada. Nyinyi hamhusiki. Na msipoichukua nyinyi, wiki ijayo ataichukua mwingine."

Nakiri kwamba maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na fedha ya miezi sita mfukoni, na nilijiambia kuwa muuguzi anayetoka zamu ya usiku anahitaji mahali pa kulala palipo karibu. Je, wagonjwa wake hawafaidiki akipumzika vizuri? Je, watoto wangu si watoto kama wale wajukuu? Lakini mke wangu alikataa. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba watoto, mimi nimekula machungwa ya yule mama." Hakuongeza neno. Tukarudi Mwanza bila nyumba.

Hebu tuichunguze hoja ya dalali, kwa maana si hoja ya kijinga. Inasema: jambo hili litatokea tu, uwepo au usiwepo, kwa hiyo kulikataa ni kujinyima bure. Ni hoja inayotumiwa kila mahali. Anayenunua samaki wachanga husema wamekwisha kuvuliwa. Anayetoa hongo husema asipotoa yeye atatoa mwenzake. Udhaifu wake ni kwamba kila mmoja anaweza kuitumia, na wote wakiitumia hapabaki mtu wa kulaumiwa ingawa ubaya umekamilika. Hata hivyo lazima nikubali kwamba ndani yake mna ukweli, nao nitaurudia hapa chini, maana ulitupata.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu kilichotoka mwaka 1689, alifundisha kwamba mtu anaweza kujitwalia sehemu ya kile ambacho Mungu amewapa watu wote, ilimradi awaachie wengine cha kutosha na chema vilevile. Sharti hilo ni zuri, ila linafaa zaidi mahali ambapo kuna ziada. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Maneno hayo yanatukumbusha kwamba hakuna aliyeumba udongo. Lakini si Locke wala sheria hiyo iliyonisaidia pale mwembeni. Nyumba ni ya mwenyewe aliyeijenga kwa jasho lake, na kumpangisha amtakaye ni haki yake. Hakuna aliyekuwa anataka kuiba. Ndiyo maana swali lilikuwa gumu: wote walikuwa na haki, na bado mama mmoja angeamka siku moja akiwa na vyombo vyake nje.

Sasa naja kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka. Nyumba tuliikataa, kazi niliichukua.

Safari ya pili nilikwenda peke yangu. Mfanyabiashara mmoja wa Nansio alihitaji mtu wa kutunza daftari za mauzo na ghala. Aliposikia nimefanya kazi hiyo miaka tisa mjini, akanipa siku ile ile. Nilimkuta ofisini kijana wa hapo hapo kisiwani, mwenye miaka kama ishirini na mbili, akiandika kwa mwandiko mzuri wa polepole. Tajiri akaniambia huyo alikuwa ameshikilia tu kwa muda, kwa posho ndogo, kwa ahadi kwamba akijifunza ataajiriwa. "Lakini hesabu zake hazikai sawa," akasema. Nikaomba abaki kama msaidizi wangu. Akanijibu kwamba mshahara ni mmoja. Nikanyamaza. Nikatia sahihi.

Nilikuwa na hoja zangu. Mimi kazi naijua zaidi. Biashara haiendeshwi kwa huruma. Nina watoto wanne. Lakini kila nilipojaribu kuonyesha kwamba kazi si sawa na nyumba, nilijikuta nimesimama mahali pa dalali, tena natumia maneno yake. Yule kijana hakunikaribisha kwa machungwa, ni kweli. Aliinuka tu akanipisha kiti, akaniambia, "Shikamoo mzee," akatoka.

Tulihamia kabla ya mwisho wa mwaka. Tulipata chumba na sebule katika nyumba isiyokwisha, bila dari, mbali na kituo cha mke wangu, hata ikabidi kila akitoka zamu ya usiku apande bodaboda. Hakulalamika hata mara moja. Mimi ndiye niliyelalamika. Na katika mwezi wa pili wa kukaa kwetu, mke wangu alirudi kazini akiwa kimya. Yule mama alikuwa amemleta mjukuu wake zahanati. Nyumba ile ilikuwa imechukuliwa na mnunuzi mmoja wa samaki aliyelipa mwaka mzima. Mama alipewa wiki mbili. Alikuwa amehamia kwa ndugu yake, mbali na mahali anapopata dagaa, na wajukuu walikuwa wamebadili shule katikati ya muhula.

Dalali alikuwa amesema kweli. Kukataa kwetu hakukumwokoa.

Nilijaribu kumfariji mke wangu. Nikamwambia, "Walau mikono yetu ni safi." Alinitazama kwa muda, akasema, "Mikono safi ilimsaidia nini? Sisi tulijua kabla yake. Tulikaa kwenye vigoda vyake tukijua, na yeye hajui. Tukaondoka hatukumwambia."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile, na ndiyo hasa yaliyonifanya niandike kurasa hizi. Tulikuwa tumelifikiri jambo lile kama swali la kuchukua au kutochukua, na tulipojibu "hatuchukui" tukadhani tumemaliza. Kumbe palikuwa na jambo la tatu, ambalo halikuhitaji hata senti moja. Tungeweza kumwambia: mama, mwenye nyumba anatafuta mtu wa miezi sita, zungumza naye mapema. Angekuwa na wiki kadhaa badala ya mbili. Yamkini angechangiwa na ndugu, au na wenzake wa biashara ya dagaa, akalipa miezi mitatu akabaki. Yamkini asingeweza. Lakini lingekuwa shauri lake, mbele ya macho yake.

Kwa nini hatukusema? Si kwa ubaya. Ni kwa sababu kati yetu na yeye aliwekwa mtu wa katikati, na mtu wa katikati kazi yake ni kuhakikisha anayeingia na anayetoka hawakutani. Simlaumu kijana yule. Anaishi kwa kodi ya mwezi mmoja anayopata kwa kila mlango. Nalaumu wepesi wetu wa kumwachia yeye kusema, na kukubali uongo wake mdogo juu ya bati na kuta. Vivyo hivyo ofisini: nilizungumza na tajiri juu ya kijana, nikiwa nimempa kijana mgongo, ilhali yeye alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa.

Nilipokuwa nikifikiri haya, nilikumbuka kitabu cha mwana wa kisiwa hiki, Aniceti Kitereza. Aliimaliza hadithi yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati maisha yake yalipokuwa yakifika mwisho. Humo mna mume ambaye mke wake amerudishwa kwao kwa sababu ya masimango ya ndugu wa mume. Anafanya nini? Anamfuata mke wake. Anakwenda mwenyewe, anaketi mbele ya wakwe, anasemwa usoni, anatozwa pombe, anarudi na kwenda tena. Mambo yote ya maana yanafanywa na watu walioketi pamoja. Nilisoma nikasahau kabisa kejeli ya yule mzee aliyeniuliza kama nakwenda kuolewa. Kumfuata mke si aibu, na hapa kisiwani watu wanaijua hadithi ya mume aliyefanya hivyo. Aibu yangu ilikuwa kwingine: nilikifuata kiti cha mtu bila kuzungumza naye.

Mtu anaweza kuniuliza: je, unataka kila anayetafuta chumba awe mwamuzi wa wapangaji wote? La. Mgeni hana uwezo huo, na akijitia kutengeneza mambo ya watu asiowajua anaweza kuharibu zaidi. Tena wakati mwingine haki ni kuchukua. Kama kijana yule kweli hakuweza zile hesabu, duka lingeanguka na wengine wangekosa kazi. Sisemi kwamba kila nafasi yenye mtu ni haramu. Tukisema hivyo hakuna atakayehama, na binadamu wamehama tangu mwanzo. Wasukuma wenyewe, na Wajita, na Wakerewe, kila kabila lina masimulizi ya mababu waliofika kutoka mahali pengine. Ninachosema ni kidogo zaidi, nacho kinawezekana. Nafasi unayoitaka ikiwa ina mtu, usiichukue wala usiikatae kabla hujazungumza naye. Mwambie umekuja kufanya nini. Mwache akutazame. Baada ya hapo utaamua, na yamkini utaamua vibaya, lakini hutakuwa umemfanya mtu kuwa samani ya nyumba yake mwenyewe.

Juu ya kijana, nilimtafuta hatimaye. Nilimkuta gatini akiendesha bodaboda. Nilimwambia ukweli wote, hata lile la kunyamaza. Alisikiliza, akasema, "Sawa, mzee." Nikamwomba aje nyumbani jioni nimfundishe kutunza daftari, bila malipo. Alikuja mara tatu. Mara ya nne hakuja, nami sikumfuata, kwani nilielewa kwamba msamaha si deni ninaloweza kulidai kwa kulipa masomo. Tunaposalimiana barabarani, bado ananiamkia. Kila ninapoitikia "Marahaba" nalisikia neno lile likinipima.

Yule mama yeye amekuwa mtu wa nyumbani kwetu. Mke wangu alimwendea, akamweleza siku ile tulikwenda kwake kwa shauri gani. Mama alicheka akasema alijua. "Watu wa kukagua bati," alisema, "hawauulizi mwembe unazaa mwezi gani." Kumbe mimi ndiye niliyeuliza. Alijua, na bado alitumenyea machungwa.

Hapo ndipo nilipoielewa ile methali upya. Nilidhani mwenyeji hupona kwa kile mgeni anacholeta: fedha, habari, au mkono wa kazi. Lakini mwenyeji huyu alikuwa mzima siku nyingi kabla hatujafika. Aliyekuwa na ugonjwa ni mgeni, na dawa alipewa kwenye sahani, akaila, akaondoka bila kusema neno.